"MAMA, PUMZIKA!" Huruma inayomgandisha bi mkubwa kwenye sofa

Wiki hii naomba tuwaweke kando wapenzi waliofumaniana na mashoga wanaosutana. Leo tunamzungumzia bi mkubwa. Ndiyo, mama yako huyo huyo aliyekulea kwa kuuza vitumbua, na sasa akiinuka kitini anashika meza, anashika ukuta, anashika na wewe ukiwa karibu.

Kijana wa mjini akishapata kazi na vijisenti, jambo la kwanza analotaka watu walione ni kwamba mama yake kapumzika. Anamtafutia msichana wa kazi, anamnunulia sofa la kuzama mpaka kiunoni, anamfungia king'amuzi na feni. Mama akishika ufagio, ananyang'anywa. Akitaka kwenda gengeni hatua hamsini, bodaboda inaitwa mpaka mlangoni. Na siku akilalamika kwamba nyonga inamuuma, ndiyo kabisa! "Mama, pumzika! Umeshahangaika vya kutosha!" Majirani wanasifu: yule mtoto kweli kazaliwa.

Baada ya mwaka mmoja au miwili, mama yule yule anataka watu wawili kumtoa kwenye sofa lile lile. Kwenda chooni ni safari. Msikitini au kanisani hafiki tena, harusi anaziona kwenye simu. Watu wanasema uzee. Wenye midomo yao wanasema kuna mkono wa mtu. Mimi sisemi kwamba sofa limeleta ugonjwa, la hasha, ugonjwa ulikuwepo. Nasema kwamba dawa kubwa kuliko zote ya ugonjwa ule aliyemnyang'anya ni mtoto wake mwenyewe, tena kwa mapenzi.

Ugonjwa wenyewe kitaalamu unaitwa osteoathraitisi. Mitaani jina lake ni moja tu: kusagika. "Nyonga imesagika." "Magoti yamesagika." Wengine wanasema ute umekauka. Na hapa, msomaji wangu, ndipo ninapoona balaa linapoanzia, kwenye neno lenyewe. Ukisikia kitu kimesagika unafikiria nini? Unafikiria mahindi mashineni au brekipedi ya daladala. Kitu cha kusagika kila ukikitumia kinaisha, kwa hiyo mwenye akili anakitumia kidogo ili kidumu. Mama akishaambiwa hivyo, tena na mtu aliyevaa koti jeupe, anatoka pale na hesabu yake kichwani: kila hatua ninayotembea najimaliza. Anakaa. Na wewe unamsaidia kukaa.

Sasa hesabu hiyo ni ya gari, si ya mwili. Nyonga kwa umbo ni kweli inafanana na bolijointi ambayo fundi wa Gerezani atakuonyesha: kirungu cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe. Kirungu ni kichwa cha mfupa wa paja, kikombe kiko kwenye mfupa wa kiuno. Lakini bolijointi ni chuma kilichokufa. Nyonga ni kitu hai. Kirungu na kikombe vimefunikwa na gegedu, ile nyama ngumu nyeupe inayoteleza ambayo ukila kuku unaiona kwenye ncha ya mfupa. Gegedu ya mtu mzima haina mishipa ya damu. Chakula chake inakipata kutoka kwenye ute unaoizunguka, na inakipata kwa kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, mfano wa dodoki kwenye beseni la maji. Ukikanyaga, linabanwa. Ukiinua mguu, linavuta. Sasa mwenye nyonga asipokanyaga, nani atalibana hilo dodoki?

Tena ugonjwa wenyewe si wa gegedu peke yake. Kiungo kizima kinahusika: mfupa, ngozi laini inayofunika kiungo kwa ndani, kano na misuli. Gegedu inalika, hilo hakuna anayebisha, na ikishapotea hairudi kuwa ya ujana. Lakini mwili nao unajaribu kukarabati, na misuli ya paja na makalio ndiyo inayobeba mzigo ambao vinginevyo ungeangukia kiungo. Mzigo huo si mdogo. Huko Berlin, Ujerumani, watafiti wakiongozwa na Georg Bergmann walitengeneza nyonga za bandia zenye vipimo ndani yake, wakawawekea wagonjwa waliokubali, wakapima uzito unaopita pale mtu akiwa anatembea zake. Wakakuta kutembea kwa kawaida kunaiwekea nyonga mzigo wa karibu mara 2.4 ya uzito wa mwili. Mama wa kilo 80 kwa kila hatua nyonga yake inabeba kilo 190 hivi. Na mgonjwa mmoja alipojikwaa bila kutarajia, mzigo ulipita mara 7! Kwa hiyo miguu dhaifu inayojikwaa ovyo inaipiga nyonga kuliko safari ya sokoni. Na misuli haiwekwi benki. Ukiacha kuitumia wiki chache tu, inaanza kuondoka.

Hapo utaona duara lilivyo. Nyonga inauma, mama anakaa. Akikaa misuli inalegea na uzito unaongezeka. Misuli ikilegea, nyonga inabeba zaidi na kuuma zaidi. Anakaa zaidi. Na wewe unaongeza mto kwenye sofa.

Kabla hatujaenda mbali, tujue kwanza kama kweli ni nyonga. Waswahili tuna tabia ya kuita kila kitu kati ya mbavu na mapaja "kiuno". Mtu anasema kiuno kinamuuma, ukimwambia aonyeshe anagusa mgongo kwa chini. Huyo ana lake. Nyonga iliyougua mara nyingi inauma kwa mbele, kwenye mkunjo wa paja, pale mtoki unapotokea. Wakati mwingine inauma takoni au pajani, na nyingine ni mbea kweli kweli: inauma gotini! Mtu anapakwa dawa goti miezi sita, kumbe mgonjwa yuko ghorofa ya juu. Dalili nyingine utaziona nyumbani bila kipimo: mama hawezi kuinama kukata kucha za mguuni, kuvaa kiatu ni vita, choo cha kuchuchumaa kimekuwa adui, kukaa mkekani kunamshinda, na kupanda daladala anatanguliza mguu mmoja ule ule kila siku. Asubuhi anaamka amekakamaa, lakini akizungukazunguka dakika chache, haizidi nusu saa, anafunguka. Mtu wa miaka 45 kwenda juu mwenye maumivu yanayokuja akitumia kiungo, na ukakamavu wa asubuhi usiozidi nusu saa, mwongozo wa madaktari wa Uingereza wa mwaka 2022 unasema anaweza kutambuliwa kwa maelezo yake na kuchunguzwa kwa mkono tu, bila hata kupigwa picha, kama hakuna dalili nyingine za kutia shaka. Kuna watu picha zao zinatisha na wanacheza mduara mpaka asubuhi, na wengine picha zao safi wanalia. Kwa hiyo picha isikutie kiwewe.

Mwenye homa na kiungo cha moto, aliyeanguka ghafla akashindwa kukanyaga, anayekonda bila sababu, au anayeumwa usiku kucha hata akiwa amelala, huyo asisome safu. Aende hospitali leo.

Na vijana wenzangu msijifiche nyuma ya mama. Kuna nyonga zinazoharibika mapema. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, na mmoja wa maadui wa mwenye selimundu ni kichwa cha mfupa wa paja kukosa damu na kufa, hata akiwa na miaka 20. Pombe kali ya miaka mingi inaweza kuleta hayo hayo. Vilevile dawa za jamii ya steroidi zikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu. Na hapa nawataja bila haya wadada wanaomeza vidonge hivyo kiholela ili wanenepe: unatafuta hipsi, unapoteza nyonga! Mfupa uliokufa ni kesi tofauti na hii tunayoizungumzia, usijitibu kwa mazoezi ya gazetini. Muone daktari wa mifupa mapema.

Haya, turudi kwa bi mkubwa, tumpeleke Norway.

Huko Oslo watafiti waliwachukua watu 109 wa umri kati ya miaka 40 na 80, wote nyonga zao zina ugonjwa huu na zinauma, lakini hawajafikia kukatwa. Wakawagawa kwa bahati nasibu makundi mawili. Wote waliingizwa kwanza darasani, kwenye kitu walichokiita shule ya nyonga. Usicheke, shule kabisa: vipindi vitatu vya kikundi, na baada ya miezi miwili kila mmoja anakutana na mtaalamu wake peke yake. Wanafundishwa nyonga imeundwaje, ugonjwa ni nini, maumivu maana yake nini na hayamaanishi nini, na kwa nini kutembea si kujiua. Kundi moja likaishia hapo. Kundi la pili likaongezewa mazoezi ya wiki 12, mara mbili au tatu kwa wiki, ya kuongeza nguvu za misuli, kulainisha kiungo na kujipima kwenye shughuli za kawaida.

Sasa sikiliza, maana hapa sitaki kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Walipopimwa mwaka wa kwanza na miezi yake, tofauti ya maumivu kati ya makundi mawili haikuwa ya kupigia vigelegele. Kwa kipimo chao haikuthibitika. Kilichoonekana ni kwamba wale wa mazoezi walifanya shughuli zao za kila siku vizuri zaidi. Mtu mwenye haraka angefunga daftari pale. Wao wakaendelea kuwafuatilia mpaka miaka 6, wakihesabu jambo moja tu: nani ameishia kwenye chumba cha upasuaji kubadilishwa nyonga. Katika kundi la shule peke yake, kwa makadirio yao, watu 25 katika kila 100 ndio waliobaki na nyonga yao ya kuzaliwa. Katika kundi la shule na mazoezi walibaki 41. Na muda wa kati kabla ya kufikia upasuaji ulikuwa miaka 3.5 kwa kundi la kwanza, na miaka 5.4 kwa la pili. Matokeo hayo yako kwenye jarida la Annals of the Rheumatic Diseases la mwaka 2015.

Karibu miaka miwili! Kwa kiti na ngazi na mguu wako mwenyewe! Kwa Mnorwe miaka miwili ni miaka miwili. Kwa familia ya Temeke ambayo upasuaji wa nyonga maana yake ni kuitisha kikao cha ukoo, miaka miwili ni muda wa kutafuta bima, kuuza kiwanja kwa bei ya haki badala ya bei ya dharura, na mama kuendelea kujipikia. Zaidi ya hapo, nyonga ya bandia nayo ina umri wake. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika nyonga 100 za bandia, 58 hivi hufikisha miaka 25. Ni nzuri mno, lakini kadiri unavyowekewa ukiwa na umri mdogo, ndivyo uwezekano wa kurudi mezani mara ya pili unavyokuwa mkubwa.

Wadenishi waliona mambo kama haya wakayatoa maabara wakayapeleka mtaani. Mwaka 2013 maprofesa Ewa Roos na Søren Skou wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa Denmark walianzisha mpango unaoitwa GLA:D, na kwa Kidenishi neno "glad" ni furaha. Vipindi viwili vya darasa, kisha vipindi 12 vya mazoezi, mara mbili kwa wiki, chini ya wataalamu wa fiziotherapia waliofunzwa kazi hiyo. Hakuna mashine ya maajabu. Mwaka 2017 walitoa hesabu ya watu karibu elfu kumi wenye magoti na nyonga mbovu: kwenye kipimo cha maumivu cha 0 mpaka 100, walishuka wastani wa pointi 12 baada ya miezi mitatu, na mwaka mzima baadaye bado walikuwa wameshuka vile vile. Waliokuwa wakimeza dawa za maumivu walipungua. Mpango ukavuka bahari mpaka Canada na Australia. Pointi 12 si muujiza, sawa. Ila tafuta kidonge cha nyonga kinachokupa hizo, kisichotoboa tumbo, halafu njoo unionyeshe.

Maana vidonge ndiyo starehe yetu. Mama anaumwa, mtoto anakatiza duka la dawa, "nipe diklofenaki za elfu moja", basi. Wiki ijayo tena. Dawa hizi zina kazi yake na daktari anaweza kuziandika, lakini kumeza kila siku miezi na miezi bila kuulizwa kama una vidonda vya tumbo, presha au figo, ni kujitafutia ugonjwa wa pili. Halafu wapo wauza vidonge vya glukosamini vya kurudisha gegedu, bei mbaya. Waholanzi waliwapa wagonjwa 222 wa nyonga, nusu glukosamini na nusu kidonge bandia, miaka miwili mizima, na matokeo yao waliyoyatoa mwaka 2008 hayakuonyesha tofauti. Na bamia? Naomba wapenzi wa bamia mnisamehe. Ni mboga tamu, na supu ya kongoro pia naipenda, lakini utelezi wa bamia unaishia tumboni. Hakuna bomba linalotoka tumboni kwenda kwenye nyonga.

Kinachowashinda wengi ni hofu: "Nikifanya mazoezi inauma, si ndiyo nazidi kujiharibu?" Swali hili ndilo lililowafanya wenzetu waweke darasa kabla ya mazoezi, maana mtu asiyeelewa ataacha siku ya tatu. Kanuni yao ni rahisi, na mimi nimezoea kuifikiria kama taa za barabarani. Jipe alama ya maumivu kutoka 0, hakuna kitu, mpaka 10, unapiga mayowe. Wakati wa zoezi ikiwa 0 mpaka 2, taa ya kijani, twende. Ikifika 3 mpaka 5, taa ya njano, inakubalika, endelea kwa macho. Ikizidi 5, nyekundu, punguza. Kisha angalia kesho yake: ndani ya saa 24 maumivu yanatakiwa yawe yamerudi pale yalipokuwa. Kama hayajarudi, hujavunjika, ulizidisha dozi tu. Siku nyingine fanya kidogo zaidi, lakini fanya. Siku za mwanzo karibu kila mtu anauma zaidi kidogo, na hapo ndipo mama atakuangalia usoni aone kama umeogopa. Usiogope.

Mazoezi yenyewe yanafanyika sebuleni. La kwanza linatumia adui wetu, kiti, lakini kiti kigumu cha kulia chakula, siyo sofa. Mama anakaa mbele kidogo, mikono kifuani, anainuka, anakaa polepole bila kujitupa. Mara 10, apumzike, arudie. Akishindwa, weka mto juu ya kiti kipande juu, au ashike meza. Akiweza sana, uondoe mto. Hili zoezi ukilitazama vizuri ndilo choo, ndilo kiti cha daladala, ndilo kila kitu. La pili anashika meza au dirisha, anainua mguu pembeni bila kuinamisha mwili, kisha wa pili. Linajenga msuli wa ubavuni mwa tako, ule unaozuia kuyumba kama jahazi wakati wa kutembea. La tatu anapenda mwenyewe: kipande cha kanga kuukuu chini ya mguu kwenye sakafu ya marumaru, anasimama kwa mguu mmoja huku ameshika kiti, na mguu wenye kanga anautelezesha mbele, pembeni, nyuma, anaurudisha. Linafundisha nyonga kukaa sawa. Likimshinda aache, alifanye baada ya wiki mbili. Kulala chali magoti yamekunjwa na kuinua makalio juu, na kupanda na kushuka ngazi moja akishika ukuta, vinakamilisha. Nusu saa hivi, mara mbili au tatu kwa wiki, na kila akizoea unaongeza. Usipoongeza, misuli inalala.

Kinachobaki ni kutembea kila siku, kwenda gengeni na kurudi. Maji ya bahari nayo yanabeba uzito, kwa hiyo mwenye kuweza kuingia mpaka kifuani pale Kigamboni atembee humo humo. Na wale wanaouliza kuhusu kucheza ngoma: mwongozo wa Marekani wa mwaka 2019 unapendekeza kwa nguvu zote tai chi, ule mchezo wa Wachina wa polepole, kwa wenye nyonga na magoti mabovu. Kama mchezo wa polepole wa Kichina umepita, sioni kwa nini shangazi akatazwe kuzungusha kiuno taratibu kwenye taarabu. Hilo la taarabu ni langu, Wanorwe hawakulipima.

Kuna na hili la "mbio zinaharibu viungo". Uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta ugonjwa huu wa nyonga na magoti kwa watu 3.5 katika kila 100 wanaokimbia kwa kujifurahisha. Kwa wasiokimbia, waliokaa tu, ulikuwa kwa watu 10.2. Waliozidi wote ni wakimbiaji wa mashindano makubwa, 13.3 hivi. Kwa hiyo washikaji wanaokimbia asubuhi pale Coco Beach, endeleeni. Mimi nitawapungia mkono kutoka kwenye kahawa.

Fimbo nayo ina siri. Watu wengi wanaishika mkono wa upande unaouma. Kinyume chake! Nyonga ya kulia ikiuma, fimbo mkono wa kushoto, na itangulie pamoja na mguu mbovu. Hapo inaipunguzia kweli mzigo. Mama atakataa kwa sababu fimbo inamzeesha. Mnunulie mwavuli mzuri mrefu wenye mpini imara, atasema ni wa mvua. Na kwa mwenye uzito mkubwa, kumbuka ile hesabu ya Berlin: kilo 5 zikipungua, nyonga inapunguziwa kama 12 kwa kila hatua.

Sasa hospitali. Nitasema ukweli wangu: kuna kliniki nimewahi kumsindikiza mtu, foleni saa nne, chumbani dakika tatu, "mifupa imesagika, ni umri huo", karatasi ya dawa, mwingine aingie. Siwalaumu sana, wagonjwa ni wengi. Lakini usikubali kutoka bila kuuliza: je, fiziotherapia? Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zina vitengo hivyo, na tatizo ni kwamba wengi wetu tunapita dirisha la dawa tu. Ingia na mama, usimsubiri nje na simu. Muulize mtaalamu afanye mazoezi gani, mara ngapi, na lini aongeze. Mrekodi mama akifanya mbele yake, ili nyumbani pasitokee ubishi.

Na wala asikuambie mtu kwamba upasuaji ni adui. Tangu Mwingereza John Charnley alipoipatia nyonga ya bandia ya kisasa mwaka 1962 pale hospitali ya Wrightington, mamilioni ya watu wametembea tena. Huku kwetu taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili inafanya kazi hiyo. Mama ambaye amejitahidi mazoezi miezi kadhaa kwa dhati, na bado halali usiku, hatembei mtaa mmoja, basi akaonane na daktari wa upasuaji bila kuchelewa, na misuli aliyoijenga itamsaidia kuinuka upesi baada ya kisu.

Swali ambalo najua litakuja kwa barua na simu: mama ana miaka 70 na kitu, si amechelewa? Hajachelewa. Misuli ya mtu wa miaka 70 inaongezeka nguvu ikifanyishwa kazi, hata ya 80. Anza na kuinuka kitini mara tano. Ufagio wake mrudishie leo jioni, na gengeni nenda naye kwa miguu, mwendo wake yeye.

Wiki ijayo tunarudi kwenye uhondo: visigino virefu, nani aliwadanganya wadada? Tukutane hapa hapa.